Vitone Vilivyozidi

Saa nne kamili asubuhi Mzee Kiangi alizima mashine yake ya kusaga pale sokoni Usangi, na mlima mzima ukatulia. Makubaliano hayo yalikuwa na miaka minne sasa: kuanzia saa nne mpaka saa sita hakuna kusaga, hakuna kuchomelea vyuma, na lori la kokoto husubiri chini kwenye kona. Mwanzoni watu walinuna, baadaye wakazoea. Wanawake waliokuwa kwenye foleni na madebe yao waliutumia muda huo kusukana nywele, na ukimuuliza mmoja wao kulikoni kimya hiki, atakujibu bila hata kuinua macho kwamba sumaku inasikiliza.

Ndani ya jumba lililochimbwa kwenye mwamba juu ya soko, Mama Nietiwe alikuwa amelala chali, kichwa chake kimezama ndani ya tundu la sumaku, na kando ya kichwa hicho, juu ya mto uleule, palikuwa na kichwa cha Nakunda Mbwambo. Nakunda alikuwa mwanafunzi wa uzamivu, mwaka wa nne, na kichwa cha Mama Nietiwe ndicho kilichokuwa tasnifu yake. Mama huyu wa miaka sitini na sita alikuwa amewapikia wanafunzi wa sekondari kwa miaka thelathini bila kuogopa moto wala mkaguzi, lakini tundu lile alikuwa ameliogopa tangu siku ya kwanza.

"Siingii humo peke yangu," alikuwa amesema siku hiyo. "Kaburini nitakwenda peke yangu, hilo nimelikubali. Humu, hapana. Huyu binti alale na mimi."

Profesa Mringo, msimamizi wa Nakunda, alifikiri kidogo akaona hakuna ubaya. Tundu lilikuwa pana, na mtu ambaye hajala chakula cha mradi sumaku haimsikii kabisa. Kwa mashine, Nakunda angekuwa kama hayupo.

Maana kazi yao yote ilisimama juu ya chakula. Kiini cha atomu huzunguka kama pia. Kiweke kwenye sumaku kali, kigonge kwa wimbi la redio, nacho kitajibu kwa sauti yake ndogo, na kwa sauti hiyo utajua kimekaa wapi na jirani yake ni nani. Ila nitrojeni ya kawaida, hii iliyojaa kwenye maharage na nyama na watu wote, ni mbovu wa kujibu. Anayejibu vizuri ni ndugu yake mzito, na huyo ni adimu. Ukitaka kuisikia protini ndani ya kichwa cha mtu aliye hai, inabidi umlishe mazao yaliyooteshwa kwa nitrojeni nzito, mwezi baada ya mwezi, mpaka mwili ujijenge upya kwa chakula hicho. Kwenye kitalu nyumba nyuma ya jumba walikuwa wakilima mahindi na maharage ya namna hiyo, na kwa kuwa hapa ni Upareni, hakuna aliyeuliza yatapikwaje. Mama Nietiwe alikuwa amekula makande ya mradi kwa miezi kumi na mmoja.

Mawimbi yalianza kugonga. Ngo, ngo, ngo, taratibu, kama mtu anayebisha hodi na hana haraka.

Washiriki wote waliolala humo waliota wakiwa macho. Hakuna aliyejua sababu yake vizuri. Mama Nietiwe siku zote aliona masufuria, makubwa kuliko yale ya shuleni, na ndani yake ukungu wa msitu wa Kindoroko ukichemka polepole. Nakunda naye aliona mambo. Leo aliona kitambaa kirefu cheupe kikijikunja chenyewe hewani, kunjo juu ya kunjo, na kila kilipofika kwenye kunjo la mwisho kilisita, kikajisahau, kikaanza kufunguka. Alijisikia mwepesi, ameelea juu ya kitanda, na mkono wa Mama Nietiwe ndani ya mkono wake ulikuwa kitu pekee chenye uzito duniani. Baadaye alijiambia kwamba alisinzia. Hakuwahi kujiuliza kwa nini nesi Upendo, aliyewahi kukaa mahali pake wiki sita nzima, hakuota hata mara moja.

*

"Haya, njoo uone," alisema Profesa Mringo.

Mama Nietiwe alikuwa ameshavaa viatu na kwenda zake. Skrini iliyofunika ukuta mzima ilikuwa imejaa vitone, kila kitone pingili moja ya protini waliyoiita kishikizi, kwa sababu ndiyo inayoshikilia kumbukumbu mahali pake. Ikijikunja sawasawa, mtu anakumbuka. Ikijikunja vibaya, mshiko unalegea, na baada ya miaka minane au kumi mtu wa makamo anaamka asubuhi moja hamjui mumewe. Ugonjwa huo dunia ilikuwa imeuzoea kwa jina la mlegeo. Sumaku ya Usangi ilikuwa ya kwanza kuuona kabla haujaanza.

Kila kitone kilikuwa na kivuli. Pembeni yake kidogo, chini kidogo, kitone kingine hafifu.

"Maumbo mawili," alisema Profesa. "Zima na bovu, ndani ya kichwa kimoja. Nakunda, hakuna mtu aliyewahi kuyaona yakiwa pamoja. Hapa una shahada, na nyingine ya akiba."

"Na Mama Nietiwe?"

Profesa alivua miwani. Hakuwa mtu wa maneno laini, na alipojaribu kuyatumia uso wake ulikaa vibaya. "Ameanza. Jopo la madaktari lilikutana jana juu ya vipimo vilivyotangulia. Tutamfanyia unyooshaji Alhamisi."

Unyooshaji ulikuwa dawa pekee. Wimbi moja refu, na kila kishikizi kichwani kinafunguka na kujikunja upya, salama. Bei yake ilijulikana: kumbukumbu changa zilikuwa bado hazijakita, kwa hiyo zilikwenda na maji. Miaka mitano ya nyuma ilifutika, wakati mwingine sita. Kwa mgonjwa ilikuwa nafuu kubwa, kupoteza mitano ili asipoteze yote.

"Kamweleze wewe," alisema Profesa. "Wewe ndiye binti yake."

*

Jikoni kwa Mama Nietiwe moto ulikuwa umeshakolea. Nakunda aliamkia, akaitikiwa, akakaribishwa kigoda, na kabla hajafungua mdomo sahani ilikuwa mapajani pake. Ndivyo ilivyokuwa kila Jumamosi alipoleta mfuko wa mahindi na maharage, na ndivyo ilivyokuwa leo Jumanne. Kanuni ya mradi ilisema mshiriki ale peke yake. Kanuni hiyo iliandikwa na watu ambao hawakuwahi kuingia nyumba ya Mpare mchana, chungu kikiwa kinatokota, wakajaribu kusema wameshiba.

Alimweleza. Alieleza vizuri, kama alivyofundishwa, bila kuficha na bila kutisha. Mama Nietiwe aliendelea kukoroga mpaka mwisho wa maelezo, kisha akauacha mwiko ndani ya chungu.

"Mitano," alisema.

"Mitano, mama. Labda na nusu."

"Baba Nietiwe alirudi lini hapa nyumbani, unajua?"

Nakunda hakujua. Alijua tu kwamba mume wa Mama Nietiwe alifariki miaka miwili iliyopita.

"Alikuwa ameniacha miaka kumi na mmoja. Akaenda Tanga huko, kwa mwanamke mwingine. Akarudi akiwa na mkoba mmoja na kikohozi, akasimama hapo mlangoni, akasema, 'Mama Nietiwe, nimekuja kuomba maji.' Nikamwacha asimame mpaka jua likazama, mwanangu. Kisha nikampa maji." Alicheka, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Tukaishi miaka mitatu. Ile miaka mitatu ndiyo ndoa yangu. Iliyotangulia yote ilikuwa mazoezi. Sasa mnaniambia nitaamka Ijumaa, na yeye yuko Tanga bado, na mimi bado nimemkasirikia."

Nakunda alitamani sakafu ifunguke immeze. Alipeleka kijiko mdomoni kwa sababu hakujua la kufanya na mikono yake.

"Lakini kama ndivyo, ndivyo," alisema Mama Nietiwe. "Nikimsahau yeye tu, ni afadhali kuliko kumsahau na Nietiwe, na wajukuu. Nitaandika kwenye karatasi kwamba alirudi. Nitajiamini, eti? Kula, mwanangu, usiniangalie hivyo. Kula. Tangu uanze kula kwangu hata mashavu umepata, ulikuja hapa kama ufito."

Nakunda alikitazama kijiko. Aliyatazama mahindi meupe na maharage mekundu.

Miezi kumi na mmoja. Kila Jumamosi, sahani moja, na siku za mvua mbili. Na lile bakuli la mfuniko alilopewa aende nalo chumbani, akala Jumapili na Jumatatu, maana nani atamwaga makande? Alihesabu, ingawa hakuhitaji kuhesabu. Vivuli vilianza kuonekana mwezi wa nne. Vilipotea wiki zile sita alizokuwa Dodoma kwenye kozi, nesi Upendo akiwa mahali pake kwenye mto, na Profesa akasema ni kelele za mashine. Aliporudi, vikarudi.

Vichwa vilivyokuwa kwenye mto ule na chakula cha mradi ndani yake vilikuwa viwili. Mama Nietiwe alikuwa mzima. Vitone vilivyozidi vilikuwa vya mtu mwingine.

"Umepaliwa?" aliuliza Mama Nietiwe, akaanza kumpiga mgongoni.

*

Njiani aliketi juu ya jiwe, migomba pande zote mbili, akakaa hapo mpaka ukungu ukashuka na kumfunika magoti. Ukweli lazima usemwe: hakukaa akitafuta ujasiri. Alikaa akitafuta njia ya kunyamaza.

Na njia ilikuwepo, pana na iliyofagiliwa vizuri. Akinyamaza, Alhamisi Mama Nietiwe ananyooshwa. Ijumaa anaamka akiwa na hasira zake za zamani na afya yake yote. Hatajua alichopoteza, kwa hiyo hatalia. Karatasi aliyojiandikia ataisoma kama habari ya jirani. Tasnifu itapita kwa shangwe. Na yeye Nakunda, mwenye miaka thelathini na mbili, hatakuwa na haja ya kujua chochote. Angeishi miaka yake minane au kumi kama watu wengine wanavyoishi, bila tarehe.

Akisema, yote yanageuka. Tasnifu inavunjika, kwa kuwa mtafiti aliyekula chakula cha mshiriki ameharibu kipimo. Na ili kuthibitisha kwamba vivuli ni vyake, lazima alale ndani ya sumaku peke yake. Kisha unyooshaji utakuwa wake, na miaka mitano yake ni ipi? Ni Usangi yote. Ni kila alichojifunza tangu ashuke kwenye basi na sanduku lake la bati. Angeamka akiwa msichana aliyeomba nafasi ya masomo na anasubiri jibu.

Alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Alikuwa amemwonea wivu Mama Nietiwe, hilo ndilo lililomuumiza. Mama yule alikuwa na kitu cha kuibiwa, kitu chenye thamani hiyo, na yeye Nakunda alikuwa ameketi juu ya jiwe akipanga namna ya kukichukua kwa mtu aliyetoka kumpiga mgongoni asipaliwe. Ukungu ulipofika kifuani alisimama, akajikung'uta gauni, akapanda mlima.

*

Jumatano asubuhi, kabla ya saa nne, alimkuta Profesa Mringo akinywa chai ya tangawizi.

"Ulikula," alirudia Profesa.

"Nilikula, Profesa."

"Mara ngapi?"

"Kila Jumamosi. Na mabaki."

Alitegemea kufokewa, na Profesa kweli alifungua mdomo afoke. Kisha akaufunga. Alikuwa mtoto wa Ugweno, hukohuko Upareni, aliyelelewa na bibi, na Nakunda alimwona usoni akijaribu kuwaza namna ambavyo mtu angeweza kukataa.

"Ungeniambia tu," alisema mwishowe. "Wiki ya kwanza. Ningekutoa kwenye ule mto."

"Niliona ni adabu tu, Profesa. Sikuona kama ni kula."

Profesa alifungua mtoto wa meza, akatoa fomu ya ridhaa, ileile ambayo Nakunda mwenyewe aliwahi kuichapa, na kalamu.

"Jopo halitasimamisha unyooshaji kwa maneno. Linataka kipimo. Wewe peke yako humo ndani, na vitone vyako. Lakini sikulazimishi, unanisikia? Na hapa chini," aliweka kidole, "una haki ya kuchagua."

Swali lilikuwa la mwisho kwenye ukurasa: Je, ungependa kuelezwa tutakachokiona? Ndiyo. Hapana. Walilitunga wenyewe, kwa majadiliano ya siku nzima, wakijiona wana huruma. Nakunda alilisoma akacheka, kicheko kilichomshtua Profesa. Maana vivuli vikiwa vyake, Mama Nietiwe ataachiliwa, na Mama Nietiwe akiachiliwa, yeye atajua. Hakukuwa na namna ya kumwokoa mmoja bila kumwambia mwingine.

Hata hivyo aliweka alama kwenye Hapana. Alitaka dakika chache zaidi.

Mashine ya Mzee Kiangi ilikohoa chini huko, ikanyamaza. Nakunda alitoa vibanio vya nywele, akalala chali katikati ya mto, mahali pa Mama Nietiwe. Hakukuwa na mkono wa kushika. Aliishika ncha ya shuka.

Ngo, ngo, ngo.

Safari hii ndoto ilikuja haraka, kama iliyokuwa imesubiri zamu yake. Aliona mkeka mpana, na juu yake mahindi yameanikwa, na kila punje ilikuwa siku moja ya Usangi. Aliziokota. Hii ni siku ya kwanza kukisikia kishikizi, alipokimbia nje na kumkumbatia mlinzi. Hii ni siku ya mvua ya mawe. Hii ni siku Mama Nietiwe alipomfundisha kuchagua maharage kwa kuyasikiliza yakianguka kwenye ungo. Alizijaza kwenye upindo wa gauni, akajaza, na upindo ulikuwa mwepesi siku zote. Hakuogopa. Ndani ya ndoto ile hakuna kilichopotea, kila punje ilikuwa inang'aa pale ilipokaa, na yeye alikuwa akielea juu ya mkeka wote akiuona kwa mara ya kwanza jinsi ulivyokuwa mkubwa. Alijisemea kwamba alikuwa ameishi vizuri hapa. Alijisemea tena, ili aweze kulikumbuka hilo.

Kisha mawimbi yakakoma, na dari ikarudi kuwa dari.

Upande wa pili wa dirisha la kioo Profesa Mringo alikuwa amesimama mbele ya ukuta wa vitone, ameipa sumaku mgongo. Kutoka kitandani Nakunda hakuweza kuuona ukuta wenyewe. Aliona mgongo tu, na koti lake kuukuu la kijivu. Alisimama hivyo muda ambao maji ya chai yangeweza kuchemka. Hakugeuka kumtazama. Fomu ilisema Hapana, na Profesa alikuwa mtu wa kufuata fomu.

Akaokota simu mezani. Spika ya chumba cha sumaku alikuwa ameisahau wazi.

"Mama Nietiwe? Habari za asubuhi, mama. Mringo hapa, wa kwenye sumaku." Alisafisha koo. "Nakupigia kuhusu kesho. Usije, mama. Hapana, hatujaahirisha. Tulikosea. Wewe ni mzima, mama. Ni mzima kabisa, huna haja ya kunyooshwa."

Kwenye simu vikatoka vigelegele, kimoja, cha pili, cha tatu, vikali hata Profesa akaiondoa simu sikioni, na chumba chote cha mwamba kikajaa sauti hiyo. Nakunda aliketi kitandani. Alifurahi. Alifurahi kweli, kwa moyo wote, na papo hapo akajua, na vitu hivyo viwili vilimpata kwa mpigo mmoja hata asijue machozi yalikuwa ya kipi.

"Na binti yangu yuko hapo?" sauti ya Mama Nietiwe iliuliza kwenye spika, ikihema. "Yule mwembamba. Yeye ndiye aliyehangaika, najua, jana alitoka hapa hata chakula hakumaliza. Nipe nimshukuru."

Profesa Mringo aligeuka sasa. Macho yake yalikuwa mekundu, na akayainua kwenye kioo kumuuliza.

Nakunda alijifuta uso kwa kiganja, akashuka kitandani peku, akatembea mpaka mlangoni na kunyoosha mkono.

"Hongera, mama," alisema, na sauti yake haikutetemeka mpaka alipomaliza kusema.